Kufunga kengele za moshi na za joto katika nyumba ya kupangisha

Nyumba ya kupangisha ina tofauti moja kubwa na nyumba unayoishi mwenyewe: anayenunua kengele ya moshi siye atakayelala chini yake. Mwenye nyumba anachagua, analipa, anafunga, anakwenda zake. Anayebaki nayo ni mpangaji. Yeye ndiye atakayeisikia ikipiga kelele kila akikaanga, na ikitoa mlio mfupi wa kuudhi usiku wa manane kwa kuwa betri imechoka. Ikimchosha ataing'oa au ataifunika kwa mfuko, na siku moto utakapozuka kweli kengele itakuwa kwenye droo.

Kwa hiyo kengele inayomridhisha mkaguzi siku moja haitoshi. Inayotakiwa ni ile ambayo mpangaji ataiacha darini mwaka wa kwanza, wa tatu na hata wa nane. Karibu kila uamuzi utakaoufanya, kuanzia aina ya kifaa hadi sentimita za kutoka ukutani, unagusa jambo hilo.

Wengi wanaofariki katika moto wa nyumba hawafikiwi na ndimi za moto, moshi huwatangulia. Aliyelala usingizi haamshwi na harufu ya moshi, na gesi ya monoksidi ya kaboni iliyomo ndani yake humzamisha zaidi usingizini. Kinachomwamsha ni sauti.

Hatua ya 1: Ijue sheria inayoihusu nyumba yako

Kanuni hutofautiana nchi kwa nchi, na pengine jimbo kwa jimbo. Uskoti, tangu Februari 2022, kila nyumba inatakiwa kuwa na kengele ya moshi sebuleni, nyingine katika kila korido au kibaraza cha ngazi kwa kila ghorofa, na kengele ya joto jikoni, zote zikiwa darini na zimeunganishwa ili moja ikilia zote zilie. Katika jimbo la Queensland, Australia, nyumba za kupangisha zinatakiwa tangu 1 Januari 2022 kuwa na kengele za fotoelektriki (zinazotambua moshi kwa mwanga) zilizounganishwa, moja katika kila chumba cha kulala, na tena katika korido zinazoelekea vyumba hivyo na katika kila ghorofa. England inadai machache kuliko hizo: angalau kengele moja ya moshi kwa kila ghorofa yenye sehemu ya kuishi. Lakini mwenye nyumba lazima ahakikishe inafanya kazi siku ya kwanza ya upangaji, na akiarifiwa kuwa imeharibika aitengeneze au aibadilishe.

Kabla ya kutoa hata senti moja, pata majibu ya maswali manne: vyumba gani vinatakiwa kuwa na kengele, aina gani inakubalika, je, ni lazima ziunganishwe, na je, betri peke yake inaruhusiwa au lazima umeme wa nyumba. Majibu yatafute katika ofisi ya makazi au ya zimamoto ya eneo lako. Muuza duka anaijua bidhaa yake, lakini hatakuwa nawe siku ya ukaguzi.

Kisha angalia alama ya kiwango cha ubora. Kwa kengele za moshi, Ulaya hutumia EN 14604, Marekani UL 217, Australia AS 3786. Kengele za joto zina viwango vyake, kama BS 5446-2 nchini Uingereza na UL 539 nchini Marekani. Alama hiyo iwe imechapwa kwenye mwili wa kifaa chenyewe, si kwenye boksi peke yake, kwa sababu boksi hutupwa na mkaguzi atageuza kifaa kusoma mgongo wake.

Ikiwa sheria ya kwenu inadai kidogo, usiishie hapo. Kengele moja kwenye korido ya ghorofa haimwamshi mtu aliyefunga mlango wa chumba chake. Mimi nashauri mpango mpana: kila chumba cha kulala, korido, sebule, na kengele ya joto jikoni.

Hatua ya 2: Chagua kifaa kinachofaa kila chumba

Kengele za moshi ni za aina mbili kuu. Ya fotoelektriki ina mwanga mdogo ndani. Moshi ukiingia huutawanya mwanga huo kuelekea kitambuzi, nayo hulia. Ni hodari kwa moto unaofukuta taratibu, kama godoro au kochi lililoangukiwa na sigara, ambao hutoa moshi mzito muda mrefu kabla ya kuwaka. Ya ayoni ina chembe ndogo ya amerisiamu-241, elementi yenye mionzi, na huwahi kuutambua moto unaowaka kwa kasi na kutoa moshi mwembamba. Tatizo lake ni kwamba huwahi pia kutambua mkate unaoungua na mafuta ya kikaango. Kwa nyumba ya kupangisha, chagua fotoelektriki. Katika baadhi ya maeneo sheria imekwisha kukuamulia hivyo.

Kengele ya joto haioni moshi kabisa. Inasubiri hewa iliyo darini ifike kiwango fulani, kwa kawaida kati ya nyuzi 54 na 65 za Selsiasi, na baadhi hulia pia joto likipanda ghafla. Ndiyo maana inafaa jikoni: mvuke na moshi wa kupika haviisumbui. Na ndiyo maana haifai chumbani. Hadi hewa ya darini ifike nyuzi 58, moshi utakuwa umekwisha kumfikia aliyelala. Wapo wanaofunga kengele za joto nyumba nzima ili kuepuka malalamiko ya wapangaji. Hilo ni kosa la hatari.

Kuhusu nguvu za kuiendesha, kuna kengele zinazotumia umeme wa nyumba na kuwa na betri ya akiba, kuna zenye betri ya lithiamu iliyofungiwa ndani kwa miaka 10, na kuna zile za zamani zenye betri ya volti 9 ya kubadilisha. Hizi za mwisho ziepuke hata kama ni za bei ndogo, maana betri yake hutolewa kirahisi ikatumika kwenye rimoti au mwanasesere wa mtoto. Ukichagua za umeme, kazi ya nyaya ni ya fundi umeme mwenye sifa. Mwombe azichukulie umeme kwenye saketi ya taa zinazotumika kila siku, kama kanuni za kwenu zinaruhusu: umeme wa kengele ukikatika, taa nazo zitazima, na mpangaji atajua. Ikiwa kwenye breka yake peke yake inaweza kukaa miezi imezimwa bila mtu kutambua.

Kama nyumba ina jiko la kuni, bwela ya gesi au kifaa chochote kinachochoma fueli, ongeza kengele ya monoksidi ya kaboni katika chumba hicho. Ni kifaa kingine kabisa. Hakichukui nafasi ya kengele ya moshi, wala kengele ya moshi haichukui nafasi yake.

Hatua ya 3: Chora nyumba, pima dari

Hapa usiwe na haraka. Chukua karatasi, chora vyumba, milango, majiko, mabafu, feni na viyoyozi, kisha uweke alama za kengele kwa penseli.

Moshi wa moto hupanda, hugonga dari, kisha husambaa kwenda pembeni. Kona inayokutanisha dari na ukuta mara nyingi hubaki na hewa isiyotembea, na moshi huchelewa kuifikia. Kwa sababu hiyo kengele huwekwa katikati ya dari au karibu na katikati, na kanuni nyingi hutaka iwe angalau sentimita 30 kutoka ukutani na kutoka kwenye taa. Kama dari imeinama, iweke karibu na kilele, ndani ya sentimita 90 hivi, lakini usiisukume hadi kwenye ncha yenyewe. Acha sentimita 10 za juu kabisa, maana hewa hukwama pale.

Feni na kiyoyozi hupeperusha moshi kabla haujaingia kwenye kitambuzi. Kanuni za Queensland zinataka sentimita 40 kutoka kwenye panga za feni na tundu la hewa. Kanuni za Marekani zinataka sentimita 90 kutoka kwenye ncha za panga. Ukiwa na nafasi, fuata umbali mrefu.

Sasa jikoni na bafuni, ambako ndiko vurugu zote huanzia. Kengele ya moshi iwe angalau mita 3 kutoka kwenye jiko la kupikia, na isiwe mbele ya mlango wa bafu lenye maji ya moto, kwa sababu mvuke unaotoka mlango ukifunguliwa huichanganya. Korido fupi huwa na mlango wa jikoni upande huu na wa bafu upande ule, na sehemu salama ni ndogo mno. Simama hapo, fungua milango yote, fikiria mvuke na moshi vitapita wapi, kisha chagua. Kama hapana nafuu, isogeze kengele hadi karibu na milango ya vyumba vya kulala, na uhakikishe iliyo karibu na jiko ni ya joto.

Kengele ya joto yenyewe isiwe juu ya jiko moja kwa moja. Mwongozo wa Uingereza unasema pasiwe na sehemu ya jikoni iliyo zaidi ya mita 5.3 kutoka kwenye kengele ya joto. Kwa kengele ya moshi umbali huo ni mita 7.5. Jiko lililo chumba kimoja na sebule linahitaji fikra zaidi: weka ya joto upande wa kupikia na ya moshi ya fotoelektriki upande wa mbali, penye makochi, halafu ulinganishe na kanuni za kwenu.

Hatua ya 4: Ziunganishe ukiwa bado chini

Kengele nyingi hutoa sauti ya desibeli 85 ukiwa umbali wa mita 3. Ni kelele kali, lakini milango miwili iliyofungwa na ghorofa moja katikati huila sehemu kubwa. Zikiunganishwa, moto wa jikoni unaliza kengele iliyo juu ya kitanda.

Muunganiko huwa wa waya au wa redio. Wa waya hupitishwa pamoja na nyaya za umeme na ni wa fundi. Wa redio hauhitaji kuvunja ukuta, na kwa nyumba yenye mpangaji ndani huo ndio rahisi. Jambo la kukumbuka kabla ya kununua ni kwamba kengele za makampuni tofauti kwa kawaida haziungani, na hata za kampuni moja huenda zisiungane kama ni za matoleo tofauti. Nunua zote pamoja, pamoja na ya joto.

Ziweke zote mezani. Fuata kijitabu: kwa kawaida unabonyeza kitufe cha kila moja hadi taa ianze kumulika, unasubiri zitambuane, kisha unafunga hali hiyo ya kuunganisha. Bonyeza kitufe cha majaribio cha moja; zote zilie. Ukifanya hivi ukiwa juu ya ngazi utapanda na kushuka mara nyingi bila sababu. Kama una nyumba kadhaa katika jengo moja, maliza nyumba moja na ufunge hali ya kuunganisha kabla ya kugusa ya pili. La sivyo kengele za mpangaji wa namba 4 zitaungana na za namba 5, na majirani hao wataamshana usiku bila kujua kwa nini.

Baada ya kuunganisha, andika mgongoni mwa kila kengele jina la chumba chake.

Hatua ya 5: Funga

Mpe mpangaji taarifa mapema, kwa muda unaotakiwa na sheria, na umwombe asogeze vitu vilivyo chini ya sehemu utakazotoboa.

Dari za zamani, hasa zilizopakwa rangi nzito yenye mikunjo, huenda zina asbesto, madini ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Usitoboe kabla ya kupimwa. Kama juu ya dari kuna nyaya au mabomba, hakikisha unajua yanapita wapi, na zima breka kabla ya kugusa sehemu yoyote yenye umeme, kisha uhakikishe kwa testa kwamba umeme umekatika kweli.

Shika bamba la kengele darini, weka alama za matundu kwa penseli, toboa kwa biti ya kipimo kilichoandikwa kwenye kijitabu. Kwenye zege ingiza plagi za plastiki kabla ya skrubu. Kwenye jipsamu tafuta mbao iliyo nyuma yake au tumia plagi maalumu za dari zenye uwazi, kwa sababu plagi za kawaida hulegea na kengele huning'inia baada ya muda. Kaza skrubu hadi bamba litulie, usizidishe hadi lipinde. Gundi ya kubandika itumie pale tu mtengenezaji anapoiruhusu.

Vumbi la kutoboa ni adui wa kitambuzi. Toboa matundu yote ya nyumba kwanza, safisha, ndipo ulete kengele. Kama waya unapita kwenye tundu la dari, lizibe pembeni mwa waya, maana upepo unaoshuka kutoka juu ya dari unaweza kuusukuma moshi usiingie. Ni jambo dogo ambalo mafundi wengi hulipita.

Zungusha kengele kwenye bamba hadi ikwame. Kwa nyingi za betri ya kufungiwa, kitendo hicho ndicho huiwasha. Ondoa kifuniko cha plastiki cha kuzuia vumbi. Na waambie wapaka rangi wasiiguse kengele kwa brashi, leo wala siku nyingine.

Hatua ya 6: Jaribu kama mtu aliyelala

Bonyeza kitufe cha majaribio cha kengele ya jikoni, kisha mtu mwingine aingie kila chumba cha kulala na kufunga mlango. Je, sauti inasikika kwa ukali wa kuamsha? Rudia kwa kila kengele. Zikiwa mezani zilikuwa karibu. Sasa kuna kuta za zege kati yake, na mawimbi ya redio hupungua nguvu. Ikiwa moja haipokei, isogeze kidogo au angalia kama mtengenezaji ana kifaa cha kuongeza mawimbi.

Kwa za umeme, zima breka yake na ujaribu tena ili ujue betri ya akiba inafanya kazi. Rudisha umeme, angalia kama taa ya kijani imewaka.

Usijaribu kwa kuchoma karatasi wala kwa moshi wa sigara. Masizi huichafua kengele, na moto wa kujaribia ni moto vilevile. Kuna dawa ya kupulizia iliyotengenezwa kwa majaribio haya.

Hatua ya 7: Mkabidhi mpangaji

Wenye nyumba wengi huiruka hatua hii, ingawa ndiyo inayoamua kama kengele itabaki darini.

Keti na mpangaji, umwache abonyeze kitufe mwenyewe. Mwonyeshe jinsi ya kunyamazisha mlio wa bahati mbaya. Kengele nyingi hunyamaza kwa dakika 10 hivi kisha hurudi kazini zenyewe, na mpangaji anayejua hilo hapandi kiti na fagio. Mweleze pia mlio mmoja mfupi unaorudi kila dakika moja au chini ya hapo: ni betri inayoishiwa, si moto. Mara nyingi huanza usiku, kwa kuwa baridi hupunguza nguvu ya betri iliyochoka. Asing'oe. Akupigie simu, nawe ufike upesi. Ukichelewa wiki mbili, ataona kuing'oa ndiyo njia pekee ya kupata usingizi, na lawama itakuwa yako.

Uliza bila kuona haya: je, kuna mtu nyumbani asiyesikia vizuri? Zipo kengele zenye taa kali ya kumulika na kitu cha kutetemesha kinachowekwa chini ya mto. Je, kuna watoto wadogo? Wengi wao hawaamki kwa mlio mwembamba wa kengele hata ukiwa mkali, kwa hiyo mtu mzima ajue kwamba kazi yake ya kwanza ni kuwafuata. Na mlango wa kutokea ufunguke kwa ndani bila mtu kutafuta ufunguo gizani. Hilo nalo ni juu yako, si juu yake.

Kisha andika karatasi moja: kila chumba na kengele yake, aina, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya kubadilishwa, na kwamba zimejaribiwa siku hiyo mbele ya mpangaji. Mtie saini wote wawili, kila mtu abaki na nakala. Piga picha za kengele zikiwa darini. Kukitokea mgogoro au ukaguzi, karatasi hiyo itakusaidia kuliko maelezo yoyote ya mdomo. Iandike kwa lugha ambayo mpangaji anaisoma.

Hatua ya 8: Utunzaji hadi siku ya kuibadilisha

Mpangaji abonyeze kitufe cha majaribio angalau mara moja kwa mwezi. Wewe, kila unapofika kukagua na kila mpangaji anapobadilika, zijaribu zote na uvute vumbi kwenye matundu yake kwa brashi laini ya mashine ya kufyonzea vumbi. Utando wa buibui na wadudu wadogo wanaoingia ndani ni chanzo cha kawaida cha milio isiyo na sababu. Kuna sheria zinazoweka muda: Queensland, kwa mfano, kengele lazima zijaribiwe na kusafishwa ndani ya siku 30 kabla upangaji haujaanza au kuongezwa muda.

Kengele ya moshi haidumu milele. Miaka 10 tangu kutengenezwa ndicho kikomo kinachotumika sana, na mtengenezaji akiandika muda mfupi zaidi, fuata wake. Hesabu tarehe ya kutengenezwa, si siku uliyoifunga. Kengele iliyokaa ghalani miaka miwili imebakiwa na minane. Ikiendelea kulia ukibonyeza kitufe isikudanganye: jaribio hilo linahakikisha zaidi saketi na sauti, na kitambuzi kilichozeeka kinaweza kuchelewa kuuona moshi halisi.

Ukiitoa kengele kuukuu ya ayoni usiifungue, usiivunje wala usiitupe motoni. Mrudishie mtengenezaji au uipeleke penye kituo kinachopokea taka za vifaa vya umeme, kwa utaratibu wa eneo lako. Zenye betri ya lithiamu iliyofungiwa zizime kwanza kwa swichi ndogo iliyo mgongoni, kama mtengenezaji alivyoelekeza, ili zisilie ndani ya gari njia nzima.